Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Gemu ya Baba, Ua wa Mawe na Bao la Watoto

Mhariri, assalaam alaykum. Marehemu baba yangu alikuwa baharia, na katika safari zake alituletea kutoka Japani mashine ya gemu ya kutia kaseti, nyeupe na nyekundu, iliyoandikwa Nintendo. Imekaa miaka mingi ndani ya sanduku la nguo pamoja na adapta yake na kaseti saba. Kaka yangu anataka kuichomeka ukutani tuone kama ingali hai, na mimi nimemzuia kwa hofu. Je, inaweza kufufuliwa?
— Msomaji, Wete, Pemba

Waalaykum salaam, mwanangu. Hofu yako ndiyo iliyoiokoa mashine hiyo. Umeme wa Japani ni wa volti 100 na wetu ni wa volti 230, kwa hiyo adapta ya baba ingechomekwa moja kwa moja ukutani ingeungua kabla hamjaona picha yoyote, na pengine ingeiunguza na mashine yenyewe. Mna njia mbili. Ya kwanza ni kutumia transfoma ya kushusha umeme hadi volti 100. Ya pili ni kununua adapta ya hapa kwetu itoayo volti 10 za mkondo mnyoofu, na hapa msifanye haraka, kwa sababu mashine hiyo inataka upande hasi uwe katikati ya ncha ya plagi, ilhali adapta nyingi za madukani huweka upande chanya katikati. Mchoro mdogo uliochapishwa juu ya adapta huonyesha mpangilio huo, na fundi yeyote wa redio anaweza kukusomeeni.

Mashine unayoieleza inafanana na ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom. Nawaeleza hayo ili msije mkaikatia tamaa bure siku mtakapoiwasha. Picha yake hutoka kwa waya wa antena, katika masafa ya chaneli za Kijapani na kwa mfumo wa rangi uitwao NTSC, hali televisheni za zamani za visiwani kwetu zilitengenezwa kwa mfumo wa PAL. Kwa sababu hiyo televisheni kuukuu ya nyumbani inaweza isiipate picha kabisa, au ikaipata bila ya rangi na bila ya sauti, na watu wakadhani kwamba mashine imekufa. Dawa yake ni kumpa fundi mwenye mkono mtulivu aiongezee njia ya AV, yaani waya wa soketi ya njano kwa picha na nyeupe kwa sauti, kisha muitie katika televisheni yenye soketi hizo, kwani nyingi miongoni mwake hupokea mifumo yote miwili. Jambo moja tu nawasihi: msimruhusu mtu asiye fundi kufungua televisheni ya kioo kinene, kwa kuwa ndani yake hubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa.

Sasa nije kwenye kaseti, ambazo ndizo zitakazowashughulisha zaidi. Hewa yetu ni ya chumvi na unyevu, na vijino vya shaba vilivyo mdomoni mwa kaseti hufanya utando mweusi unaozuia umeme kupita. Sote tulipokuwa wadogo tulizipuliza kaseti kwa mdomo, na tulikosea, maana pumzi ina unyevu unaoleta kutu, na Nintendo wenyewe waliwaonya wateja wao dhidi ya tabia hiyo. Chukueni kijiti cha pamba cha masikioni, mkichovye katika spiriti ya asilimia 90 au zaidi, mpanguse vijino taratibu, mbadilishe pamba kila inapotoka nyeusi, hadi itoke safi. Mkipata ile ya asilimia 70 inayotumika kwa vidonda, itafaa pia, lakini ina maji, basi iacheni kaseti ikauke kutwa nzima kabla ya kuitia. Msitumie msasa wala kisu, kwani juu ya shaba kuna tabaka jembamba la kinga ambalo likishakwanguliwa halirudi tena.

Ikiwa miongoni mwa hizo saba iko kaseti ya gemu ndefu inayohifadhi pale mchezaji alipofikia, basi huenda ndani yake mna betri bapa ya volti 3, na baada ya miaka yote hiyo itakuwa imekwisha. Gemu itachezeka kama kawaida, ila haitakumbuka kitu mpaka fundi aibadilishe betri kwa kuichomelea. Mkimaliza, msirudishe vitu hivyo katika sanduku la nguo. Viwekeni katika bati lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na umeme ukikatika mnapocheza, chomoeni plagi mara moja, kwa sababu hurudi kwa kishindo. Ni kumbukumbu ya baba, mwanangu, na inastahili uangalifu wote huo.

Mhariri, nyumba yangu ipo Jambiani juu ya jiwe tupu. Nimetia udongo kidogo uani na majivu ya jikoni ili kuurutubisha, nikapanda tungule. Majani machanga yamegeuka manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Namwagilia kila jioni lakini hali haibadiliki. Nimekosea wapi?
— Mama wa watoto wanne, Jambiani

Bibie, maji si tatizo. Jiwe la kwetu ni matumbawe ya kale, na matumbawe ni chokaa. Chokaa hukamata madini ya chuma yaliyomo udongoni, mmea ukayakosa hata kama yapo, na dalili yake ni hiyo hiyo uliyoieleza, ya jani la manjano lenye mishipa ya kijani. Majivu yameongeza ubaya, kwa kuwa nayo yana tabia ya chokaa. Acha kuyatia.

Badala ya kupigana na jabali, panda juu yake katika magunia au ndoo mbovu zilizotobolewa chini. Changanya udongo mwekundu na samadi iliyokwisha kuoza barabara, sehemu tatu kwa moja. Makumbi ya nazi husaidia kushika unyevu, lakini yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba yamejaa chumvi, hivyo yaoshe kwa maji matamu mara kadhaa. Onja na maji ya kisima chako; yakiwa na chumvi, kinga ya mvua kutoka paani wakati wa masika na vuli. Anza na mchicha, ambao huvunwa baada ya wiki tatu au nne hivi, kisha bamia, na tungule zije baadaye. Gunia moja lihifadhie mrihani, kwa harufu yake tu.

Mhariri, wanangu wamechoka na simu na wanataka kujifunza bao, nami nimesahau namna ya kupanga kete. Naomba unikumbushe.
— Baba, Ng'ambo, Unguja

Kete ni 64, kila mchezaji 32. Katika safu yako ya mbele, weka kete 6 kwenye nyumba, ambalo ni shimo la tano kutoka kushoto kwako, na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Zilizobaki 22 zishike mkononi kwa ajili ya namua, yaani hatua ya mwanzo ya mchezo ambapo kila mmoja huingiza kete moja moja ubaoni. Watoto waelewe tangu mwanzo kwamba kula kukiwezekana ni lazima, na kwamba anayeishiwa kete katika safu ya mbele amefungwa. Kete bora ni komwe, na mkomwe huota kandokando ya pwani; wapeleke wakaziokote wenyewe, na waongeze chache za akiba, kwani kete hupotea.