Jibu: Kutoka botania hadi dawa za ngozi, inawezekana?

Ndugu, umeuliza kama mtu aliyesomea mimea anaweza kuishia kwenye utafiti wa dawa za ngozi. Anaweza sana. Mwangalie Albert Kligman wa Marekani: alianza na shahada ya uzamivu ya botania, akibobea kwenye kuvu, ndipo akasomea udaktari na kumaliza 1947. Kuvu ndio waliomvusha (mapunye na fangasi wa miguuni si kazi yao?). Baadaye akaigeuza tretinoini, jamaa wa vitamini A, kuwa dawa ya kupaka ya chunusi, ikaidhinishwa 1971.

Ila usimwige kwa kila kitu. Kwa miaka mingi aliwafanyia majaribio wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, hadi yalipokomeshwa 1974. Hapo mimi simtetei.