Msiandikishe kundi la maigizo kwa jina la kaka yenu mkubwa

Msifanye hivyo. Katika swali lako refu ulilolituma hapa kutoka Masasi umelipitia jambo hili kwa sentensi moja tu, kwamba ninyi ndugu watatu mmekubaliana biashara ya kuandaa maigizo ya jukwaani iandikishwe kwa jina la kaka mkubwa kwa sababu ndiye mwenye namba ya mlipakodi, kisha ukaendelea kuuliza mwanze na mchezo gani, kiingilio kiwe kiasi gani, taa zinunuliwe wapi na kama inafaa kuzunguka wilayani wakati wa minada ya korosho. Hayo yote ni maswali ya kundi ambalo bado lipo. Sentensi ile moja ndiyo itakayoamua kama litakuwapo.

Na wewe mchangiaji uliyemjibu hapo juu kwamba ndugu wa tumbo moja wakianza kuandikishana karatasi wameshakosana, tafadhali acha. Maneno hayo niliambiwa na mimi, nikayaamini, na yalitugharimu kila kitu tulichokuwa tumekijenga.

Sisi tulikuwa ndugu wanne wa baba na mama mmoja, makao yetu Mikindani. Kaka yetu mkubwa, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa uso wa kundi: alizungumza na wakuu wa shule, maofisa utamaduni na mashirika yaliyotaka maigizo ya uhamasishaji vijijini, na watu walimpenda. Mimi nilishika vyombo na usafiri. Anayenifuata alikuwa na mikorosho Nanyamba, na spika zetu za kwanza zilitoka moja kwa moja kwenye malipo yake ya msimu. Mdogo wetu wa mwisho hakuwa na shilingi, lakini michezo yote tuliyocheza aliitunga yeye kwa mkono wake kwenye madaftari ya shule. Mama yetu alishona pazia. Jenereta, miksa ya sauti na taa tulivinunua baadaye kwa mapato ya kundi, kimoja baada ya kingine, na kila risiti ilitoka kwa jina la kaka kwa kuwa ndilo lililokuwa kwenye cheti cha usajili wa biashara.

Aliyetuingiza huko alikuwa mtu aliyejiita mshauri wa biashara, mwenye meza na kompyuta yake mjini Mtwara, ambaye alijaza fomu za watu kwa malipo. Nilimuuliza mwenyewe, uso kwa uso, sisi wengine watatu tutaonekana wapi. Akanijibu kwamba undugu wetu ni mkataba tosha, na kwamba kuongeza majina ni kuongeza gharama na usumbufu. Nina hasira na mtu huyo hadi leo na sioni sababu ya kuificha. Mtu anayejaza fomu zile kila siku anajua fika kwamba jina la biashara lililosajiliwa na mtu mmoja halina uhai wake lenyewe. Ni mtu yule yule amevaa jina jingine, na kila kinachomilikiwa kwa jina hilo ni chake yeye, pamoja na madeni. Alilijua jibu, akalikwepa kwa sababu kulieleza kungemchukua nusu saa, akapokea fedha yetu, tukapeana mikono. Anayeuza ushauri kisha akamnyima mteja neno moja alilolihitaji hana tofauti na anayeuza dawa akificha kwamba imeharibika.

Kaka aliugua na akafariki akiwa bado na nguvu za kazi. Hatukuwa tumegombana hata mara moja, na hilo nataka ulizingatie, kwa sababu watu hudhani mikataba ni ya ndugu wasiopendana. Sisi tulipendana, na bado ilikuwa hivi.

Benki ilizuia akaunti, kwa kuwa mwenye saini alikuwa peke yake, na hakuna aliyeweza kugusa fedha hadi apatikane msimamizi wa mirathi. Tulikuwa na mkataba wa kuzunguka vijiji vya Tandahimba na Newala na mchezo wa kuhamasisha matumizi ya vyandarua, uliosainiwa na kaka kama mmiliki wa biashara. Mteja hakuwa na ubaya wowote, lakini aliyesaini hakuwapo tena na sisi hatukuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba tunaweza kuendelea mahali pake, hivyo kazi ikaenda kwa kundi jingine. Waigizaji wetu, vijana ambao wengine walikuwa wameacha vibarua vyao kwa ajili ya ziara hiyo, wakatawanyika.

Kisha ikaja mirathi yenyewe. Wazee wa ukoo walitutuliza kwamba kwa mila zetu za Kimakonde, ambazo ukoo hufuata upande wa mama, mali ya marehemu huelekea kwa ndugu zake wa tumbo moja na wapwa zake. Lakini kaka alikuwa Mwislamu na aliishi maisha ya Kiislamu, na mirathi yake ikafuata sheria ya Kiislamu. Mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, mama wa marehemu hupata sudusi, moja ya sita, na kinachobaki huenda kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Palipo na mtoto wa kiume, ndugu wa marehemu hawana fungu. Kaka aliacha watoto wa kiume. Kwa hiyo mbele ya sheria sisi watatu hatukuwa warithi wa spika ambazo mmoja wetu alizilipia kwa korosho zake. Tulikuwa watu wa nje wanaodai, na anayedai huombwa ushahidi. Ushahidi wetu ulikuwa ni kumbukumbu zetu na machozi ya mama.

Simlaumu shemeji. Alikuwa na yatima wa kulea, ameshika cheti na risiti zenye jina la mumewe, na kila ndugu yake aliyemshauri alimwambia kwamba akiviachia vyombo hivyo amewadhulumu wanawe. Ningekuwa mahali pake ningeshikilia hivyo hivyo. Karatasi ndiyo iliyosema uongo, na uongo huo tuliuandika sisi kwa hiari yetu.

Wakati shauri likiendelea Mahakama ya Mwanzo, vyombo viliwekwa kwenye chumba cha nyuma ya nyumba ya marehemu, si mbali na ghuba, chini ya kufuli mbili: moja yao, moja yetu, ili upande mmoja usifungue bila mwingine. Masika yakaingia na kutoka. Tulipofungua kwa pamoja, mjumbe wa mtaa akishuhudia, panya walikuwa wamekata nyaya na kufanya viota ndani ya maboksi ya spika, vitufe vya miksa vilikuwa vimeganda kwa kutu ya hewa ya chumvi, na pazia alilolishona mama lilichanika katika kila kunjo tulipojaribu kulitandaza. Hakuna upande ulioshinda chochote. Kilichosalimika ni yale madaftari ya mdogo wetu, kwa kuwa yalikuwa kwa mwandiko wake na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humtambua mtunzi kuwa mwenye kazi yake, si mwenye jina la biashara. Huyo ndiye pekee kati yetu ambaye bado yuko jukwaani.

Umewataja ndugu Shubert wa Marekani kuwa mfano wenu, ndugu watatu waliotoka mji wa Syracuse wakatawala majumba ya maigizo ya New York. Ni mfano mzuri, lakini naona umeishia kwenye sehemu inayopendeza. Sam, Lee na Jacob walishika jumba la Herald Square mjini New York mwaka 1900, wakiwa wamezungukwa na muungano wa wenye majumba uliokuwa umeundwa mwaka 1896, ambao mmoja wa wakuu wake alikuwa Abraham Erlanger. Sam ndiye aliyekuwa mbele, kama kaka yenu anavyotarajiwa kuwa mbele. Mwezi Mei mwaka 1905 alifariki kutokana na ajali ya treni karibu na Harrisburg, akiwa bado kijana. Inasimuliwa kwamba Lee alipomwendea Erlanger kuhusu makubaliano ambayo Erlanger alikuwa ameyafikia na Sam, alijibiwa kwamba yeye haheshimu mikataba ya watu waliokufa. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilishindwa kuendelea kusoma, kwa sababu sisi tuliambiwa neno hilo hilo kwa lugha ya upole.

Hao waliosalia walisimama, wakaushinda muungano ule na wakajenga majumba mengi, jambo linalostahili heshima. Lakini Lee na Jacob wenyewe walifika mahali pa kukaa miaka mingi bila kuelewana, kila mmoja na ofisi yake upande wake wa mtaa wa 44, na wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi kampuni iliwekwa chini ya ufilisi mwaka 1931, hadi Lee alipoinunua tena mwaka 1933 kwa dola 400,000. Hao walikuwa matajiri wenye wanasheria. Ninyi mtaanza na spika mbili na gari la kukodi, na pigo moja tu linatosha.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii moja, na nitaipigania hata mkinichoka: kabla ya onyesho la kwanza, kila kitu cha kundi kiwe na karatasi yenye majina yenu wote watatu, na karatasi hiyo iseme waziwazi itakuwaje mmoja akifa au akijitoa. Njia iliyo imara zaidi ni kusajili kampuni yenye hisa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara; maombi yanapitia kwenye mtandao, na kila mkurugenzi awe na kitambulisho cha taifa cha NIDA na namba yake ya mlipakodi. Wewe na mdogo wako ambao hamna namba hiyo ipateni TRA, mamlaka ya mapato, msiifanye kuwa sababu. Kampuni ni mtu mbele ya sheria. Kaka yenu akifariki, Mungu amuepushe, wanawe watarithi hisa zake na kupata haki yao kamili, lakini jenereta litaendelea kuwa la kampuni na mkataba kama ule wetu wa Newala utaendelea kutekelezwa. Gharama zipo, kwa maana mtawajibika kupeleka taarifa BRELA na hesabu TRA kila mwaka, na mtu asiwadanganye kwamba ni jambo jepesi kwa kundi changa. Ni jepesi kuliko kufuli mbili.

Hisa mzigawe kwa kuzungumza ukweli. Umeandika kwamba mdogo wenu hachangii fedha kwa kuwa kazi yake ni kutunga tu. Neno hilo “tu” liondoe leo. Bila mchezo hamna biashara, mna spika. Akubali kwa maandishi ama kuikodishia kampuni michezo yake au kuiachia kwa thamani iliyotajwa, na thamani hiyo ionekane kwenye hisa zake. Akaunti ya benki iwe na saini mbili kati ya tatu. Mkinunua chombo, mwambieni mwenye duka aingize namba ya mlipakodi ya kampuni kwenye risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kisha namba ya chombo iandikwe kwenye daftari la mali ambalo nakala yake kila mmoja wenu anayo nyumbani kwake. Usajili wa BASATA, baraza la sanaa la taifa, pia mtauhitaji ili mfanye kazi kihalali, ila usidhani kwamba cheti hicho kinagawa mali kati yenu. Hakikuwekwa kwa kazi hiyo.

Kuhusu minada, ndiyo, kuanzia Oktoba fedha huwa mikononi mwa watu na Tandahimba hujaa.

Umesema Jumamosi mnakwenda kulipia spika. Mwombeni muuzaji awasubiri hadi kampuni isajiliwe. Akikataa na mkaona hamwezi kuzikosa, basi siku hiyo hiyo andikeni makubaliano yanayotaja kiasi alichotoa kila mmoja, namba za spika, na kwamba zitahamia kwenye kampuni ikisajiliwa. Msaini wote watatu pamoja na mashahidi wawili wasio wa ukoo wenu, mbele ya wakili. Na shemeji yenu, mke wa kaka, awepo hapo, asomewe kila mstari na aulize kila anachotaka, kisha apewe nakala yake mkononi.