Kagua kitalu kabla ya kulipa ada

Umeuliza utajuaje kama kozi ya kilimo cha bustani itakupa ujuzi wa kuajirika. Kabla ya kulipa ada, omba kutembelea kitalu cha miche cha chuo siku ya mafunzo kwa vitendo. Kila mwanafunzi awe na kisu chake na miche yake. Wakikusanyika kumtazama mwalimu tu, tafuta chuo kingine.

Kipimo kizuri ni kubebesha, yaani kuunganisha kijiti cha mmea mmoja juu ya shina la mwingine. Shina la chini (lenye mizizi) na kikonyo (kijiti kinachopachikwa juu) viwe na unene wa penseli, vikatwe kwa mshazari wa sentimita 3 hivi kwa kisu kikali, na tabaka la kijani chini ya gome likutane angalau upande mmoja. Lisipokutana, kikonyo hukauka hata ukifunga vizuri namna gani. Kisu butu huponda, na jeraha huoza.

Uliza pia wanavyozuia kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga kwenye usawa wa udongo: kusia kwa nafasi, kumwagilia asubuhi, maji yasituame. Mazoezi shambani yawe angalau miezi 3, na mwenye shamba asaini daftari la kazi ulizofanya. Daftari hilo litunze. Waajiri wengi huuliza umefanya nini kabla ya kutazama alama.