AddressSanitizer ikikugomea, uliza kwanza nani analalamika

Wadogo zangu mnaojifunza C hapa Malindi, naona AddressSanitizer, zana ya kompaila inayonasa makosa ya memori programu ikikimbia, ikigoma mnaitoa kwenye Makefile (faili ya maagizo ya kujenga programu) mara moja, au mnapakua kompaila nzima upya mpaka bando linaisha. Naomba muache. Makosa mengi ya siku ya kwanza hayatokani na msimbo wenu, yanatokana na jinsi programu ilivyojengwa. Jiulizeni: anayelalamika ni kompaila, ni kiunganishi (linker, kinachounganisha faili zilizokompailiwa ziwe programu moja), au ni programu yenyewe ikiwa inakimbia?

Kiunganishi ndicho kinachowatesa wengi. Ukiona `undefined reference to __asan_report_load4`, faili zilikompailiwa na `-fsanitize=address` lakini hatua ya kuunganisha haikupewa chaguo hilo. Wengi huliandika kwenye CFLAGS pekee, yaani chaguo za kukompaili. Liandike na kwenye LDFLAGS, chaguo za kuunganisha, kisha `make clean` ili kufuta faili zilizojengwa awali. Hatua hii ya mwisho msiiruke, kwa sababu kwa kawaida make haitambui kuwa umebadilisha chaguo. Faili za .o za zamani hubaki, ukapata programu ambayo nusu yake inakaguliwa na nusu haikaguliwi, nawe unadhani umesalimika. Ukiambiwa `-lasan` haipatikani, tafuta pakiti ya libasan, maktaba ya AddressSanitizer. Kwenye Fedora hukaa peke yake, kwenye Ubuntu huja pamoja na gcc.

`./configure`, skripti inayokagua mashine kabla ya kujenga programu, nayo ikishindwa kwenye majaribio yake, huenda ni kwa kuwa viprogramu vyake vya majaribio vinavuja memori kidogo (haviirudishi) na LeakSanitizer, sehemu ya AddressSanitizer inayotafuta uvujaji, inavihesabu vimeshindwa. Anza na `ASAN_OPTIONS=detect_leaks=0 ./configure`, kisha rudisheni ukaguzi huo mnapopima programu yenu.

Sasa tuseme imejengwa. Chukua programu ya kuandika kilo za samaki zinazoshushwa pwani, iliyotengewa nafasi ya mashua kumi kwa `malloc(10 * sizeof(int))`. Mashua ya kumi na moja ikiingia, programu huenda ikaendelea kama kawaida na hesabu ikaharibika kimyakimya. AddressSanitizer huisimamisha papo hapo: `heap-buffer-overflow`, `WRITE of size 4`, `0 bytes after 40-byte region`. Someni taratibu. Baiti 40 ni nafasi kumi za baiti nne. Sifuri baada yake ina maana umegusa pale pale ukingoni, kwa hiyo kwanza shukuni kitanzi kilichoandikwa `<=` badala ya `<`. Chini yake imeandikwa memori hiyo ilitengwa wapi. Kama hamwoni majina ya faili na namba za mistari, mmesahau `-g` (chaguo la kuweka taarifa hizo), au mnatumia kompaila ya Clang na llvm-symbolizer, zana inayogeuza anwani kuwa majina, haimo kwenye PATH. Mimi huongeza `-O1 -fno-omit-frame-pointer` kila mara, ili ripoti isomeke vizuri.

Programu ikianguka kabla ya `main`, ikirudia `DEADLYSIGNAL` bila kukoma, kosa huenda si lenu. Kerneli mpya za Linux huchanganya anwani kwa upana ambao matoleo ya zamani ya zana hii hayauwezi. `sudo sysctl vm.mmap_rnd_bits=28` huituliza, ingawa dawa ya kweli ni kompaila mpya zaidi. Na msishtuke `top` ikionyesha terabaiti 20 kwenye VIRT, safu ya memori pepe. Hizo ni anwani zilizotengwa, si RAM iliyotumika. Ila ukiwa umeweka kikomo cha memori pepe kwa `ulimit -v`, programu haitawaka kabisa.

Laptopu yako ikiwa dhaifu, anza na AddressSanitizer kabla ya Valgrind, zana nyingine ya kukagua memori. Ya kwanza huifanya programu iwe polepole karibu mara mbili, ya pili mara kumi hadi hamsini. Valgrind ina faida yake: haihitaji kukompaili upya, na Memcheck, kikaguzi chake cha memori, hugundua programu ikitumia thamani ambazo hazijawekwa, kitu ambacho AddressSanitizer haikitazami. Lakini msiziendeshe pamoja, zitagombania memori ile ile. Jengeni nakala mbili, kila moja na folda yake.