Kumpiga Picha Mbwa wa Njiani

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi Desemba ninatarajia kusafiri kwa gari kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza pamoja na binti yangu wa miaka tisa, ambaye hawezi kumwona mbwa asitake kumshika na kumpiga picha. Safari iliyopita picha zake nyingi zilitoka na ukungu, na mbwa weusi walionekana kama vivuli. Je, nimruhusu tena, na afanyeje?
Mama wa mpigapicha mdogo, Kimara

JIBU: Mruhusu, dada yangu, ila kwa utaratibu. Wengi wa mbwa mtakaowakuta baada ya Gairo wana wenyewe hata kama hawana mikanda shingoni, na wale wanaofuata ng'ombe na mbuzi kuanzia Dodoma hadi Singida wako kazini, hivyo mtoto anayewakimbilia huonekana kwao kama mtu anayeivamia mifugo. Mfundishe kumwamkia mchungaji kwanza na kumwomba ruhusa. Asimguse mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto, na asidhani kwamba kila anayetikisa mkia anafurahi.

Akisharuhusiwa, achuchumae upande, mbali kidogo, bila kumkazia mbwa macho, kisha asubiri. Kusubiri huko ndiko kunakoleta picha. Pale Shelui niliwahi kukaa karibu nusu saa mbele ya mbwa mmoja mwenye sikio lililochanika, aliyejilaza chini ya lori; alipoinuka, alijinyoosha, akapiga miayo, akaja kunusa kiatu changu, na picha niliyoipata wakati huo, vumbi likiwa bado limemganda puani, naithamini kuliko zote nilizopiga nikiwa nimesimama.

Kuhusu mbwa weusi, tatizo ni jua la mchana lililo nyuma yao, kwa sababu simu hupima mwanga wa anga na kumwacha mnyama gizani. Aguse uso wa mbwa kwenye kioo cha simu, aongeze mwanga kidogo, na apige zaidi asubuhi au jioni, jua likiwa mgongoni mwa mtoto. Ukungu hupungua mbwa akiwa ametulia na gari likiwa limesimama.

Sasa lililo zito kuliko picha. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa katika mate, na dalili zikishaanza, mgonjwa haponi isipokuwa kwa nadra sana. Binti yako aking'atwa, akikwaruzwa, au akirambwa penye kidonda, hata na mbwa anayeonekana mzima, osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, msisubiri kufika Mwanza. Kwa hiyo dumu la maji na kipande cha sabuni viwekwe chini ya kiti cha mbele, visifukiwe na mizigo.