Mba haziishi: kuhusu dawa za Ayurveda ulizouliza

Pole dada, nimekuelewa, unapaka mafuta ya nazi kila siku na bado mabega meupe ukivaa nguo nyeusi. Kwanza punguza hayo mafuta, fangasi wa mba wanakula mafuta ya kichwani, yakikaa siku nzima unawalisha tu. Hata Wahindi kwenye Ayurveda, tiba yao ya asili (mba wanaita darunaka), wanachua kichwa kwa mafuta halafu wanaosha.

Mimi ningeanza na mbegu za uwatu, loweka vijiko viwili usiku, asubuhi utakuta zimevimba na maji yanateleza kama mlenda, saga, paka kwenye ngozi yenyewe sio nywele, nusu saa suuza vizuri maana ile harufu inaganda balaa. Mara moja kwa wiki inatosha. Mwishoni suuzia maji ya majani ya mwarobaini yaliyopoa, yasiingie machoni. Ndimu achana nayo, kichwa kilichokwanguliwa kitawaka moto! Jaribu kidogo nyuma ya sikio kwanza, na kama una aleji ya karanga uwatu usiguse.

Mwezi ukiisha hamna kitu nenda famasi uulizie shampuu ya ketokonazo (dawa ya fangasi). Nywele zikinyonyoka mabaka mabaka, au ukiona usaha, au magamba mazito mpaka kwenye viwiko, muone daktari wa ngozi.