Sigara tatu zilizopungua kwenye pakiti

Duka langu liko Kisauni, Mombasa, dirisha la nondo kama maduka yote ya mtaani. Sigara naziweka juu kando ya viberiti, pakiti moja ikiwa wazi kwa wateja wa moja moja. Hesabu yake haina ufundi: pakiti ina 20, nikiuza 12 zinabaki 8. Jioni moja nikakuta 5. Kesho yake zimepungua tena. Na anayenishikia duka nikienda kuswali alasiri ni mpwa wangu, miaka 16, kidato cha tatu.

Kosa langu lilikuwa limeanza zamani. Nilishamwona na kidude cha zambarau kinachonukia embe, sigara ya kielektroniki. "Ni vepu tu, Mjomba. Mvuke wa maji, si sigara." Nami niliyevuta miaka 11 na kuacha kwa taabu, nikaona afadhali. Hakuna jivu, nguo hazinuki. Nikamwambia tu ahakikishe mamake hakioni.

Mvuke wa maji, wapi! Ndani mna majimaji ya propilini glikoli na glisarini, ladha, na nikotini, kile kilevi cha tumbaku kinachomnasa mvutaji. Nilipokuja kukigeuza nikasoma yale maandishi ya chini, madogo kama ya chupa ya dawa, nilikuta 5%. Yaani miligramu 50 kwa kila mililita, na chake kilikuwa cha mililita 10. Hizo ni miligramu 500. Sigara moja humwingizia mvutaji miligramu moja hivi, au mbili. Hata nusu ya ile ya vepu ikipotelea hewani, fanya hesabu mwenyewe. Tena siku hizi wengi hutumia nikotini ya chumvi, ambayo haikwaruzi koo. Sigara yangu ya kwanza ilinikohoza hadi machozi yakanitoka. Kikohozi kile kilikuwa askari wa mlangoni, vepu imeshamhonga.

Sasa sigara imeingiaje? Nilimuuliza usiku, duka limefungwa, tumekaa juu ya kreti za soda. Nilitarajia kusikia habari za marafiki wabaya. Akasema, "Vepu iliisha, Mjomba, na nyingine ni elfu moja na mia tano." Kichwa kilikuwa kinamgonga, darasani haambiliki, kila mtu anamuudhi. Sigara moja ilikuwa shilingi 15, na kwangu hata hizo 15 hazikuhitajika.

Mwaka 2018 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti zilizokuwapo, zikaona ushahidi ni mkubwa kwamba kijana anayetumia vepu yuko karibu zaidi na kuja kuijaribu sigara. Kuna wanaojibu kwamba hukohuko Marekani sigara zilizidi kupungua kwa vijana wakati vepu zimepamba moto. Ni kweli. Lakini kwenye maduka ya kule hununui chini ya pakiti, na pakiti ina bei. Hapa kwetu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na inakataza pia kuuza sigara moja moja. Naijua hiyo sheria. Nilikuwa nafungua pakiti kila asubuhi.

Kwa hiyo ukikuta kidude kwa mwanao, usikimbilie kukipokonya ukadhani umemaliza kazi. Mwili wake utakuwa bado unadai, na atakwenda pale penye bei ndogo. Kaa naye umuulize mambo mawili: kimoja anakimaliza kwa siku ngapi, na akiamka anakaa muda gani kabla ya kuvuta. Anayekitafuta kabla hata hajapiga mswaki ameshikwa sana, huyo msaidie kumpata mshauri au mhudumu wa afya, maneno ya nyumbani hayatamtosha. Siku 3 za mwanzo za kuacha ndizo ngumu kupita zote, kisha hulegea kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Msianze wiki ya mtihani. Akifoka, mpishe. Fimbo sikuitumia, ingawa mkono uliniwasha, maana mtoto aliyepigwa angenificha alipoteleza.

Na aliteleza, mara mbili. Ya pili alikuja mwenyewe kuniambia, saa tano usiku, nami nimeshalala.

Pakiti wazi sina tena. Wateja wangu wa alfajiri, wale wa bodaboda, wamehamia dirisha la jirani, na siwezi kusema mfuko haujaumia. Dada yangu nilimweleza yote, pamoja na ile sehemu ya kumficha. Alimnunia mwanawe siku moja. Mimi alininunia wiki nzima.